Fonti chakavu ya vichwa vya mabango: itengeneze mwenyewe, kuanzia soli ya ndala

Chukua fonti yoyote chakavu uliyoipakua mtandaoni, andika NYANYA kwa herufi kubwa, kisha ikuze mpaka ijaze kioo cha kompyuta. Tazama zile A mbili. Mkwaruzo ni ule ule, tundu liko pale pale, na hata kipunje kilichoruka pembeni kimeruka mara mbili kwa umbali ule ule. Sasa andika KAHAWA: A tatu, mapacha watupu. Mtu anayepita soko la Mwanjelwa, Mbeya, na mzigo begani hatasimama kukueleza kosa liko wapi, lakini jicho lake limeshajua. Herufi hizi hazikuchakaa, zimevalishwa uchakavu.

Jambo hili linatuuma sisi kuliko watu wengi, na sababu ni lugha yenyewe. Silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia na irabu, irabu zenyewe ni tano tu, na A ndiyo inayorudi kuliko zote. Andika MBAO ZA MAFINGA: herufi 13, na kati ya hizo A ni nne. Fonti yenye A moja haina pa kujificha hapo. Ndiyo maana nakushauri utengeneze yako. Kazi ni ya siku nne au tano, vifaa ni vya bei ndogo, na programu tatu tutakazotumia, yaani GIMP ya kusafisha picha, Inkscape ya kuchora mistari na FontForge ya kukusanya fonti, zote ni za bure.

Kwanza zunguka na utazame

Kabla ya kushika wembe, tembea mtaani na simu yako upige picha za herufi zilizochakaa kwa haki. Huku kwetu hazipungui. Utaziona kwenye milango ya nyuma ya malori yanayopita barabara kuu ya Tunduma, kwenye mabehewa ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kwenye magunia ya kahawa ya Mbozi na viroba vya mchele wa Mbarali, na kwenye kuta za maduka ya Tukuyu ambako mvua inaosha rangi karibu mwaka mzima.

Ukitazama kwa makini utagundua kuwa uchakavu una tabia zake. Rangi ya ukutani inabanduka kwa vipande vyenye kingo kali. Stensili ya kwenye kiroba inaacha ukungu pembeni na nyuzi za kiroba katikati. Muhuri uliokaukiwa wino unaacha katikati peupe huku ukingo ukibaki mweusi, kwa sababu wino unasukumwa pembeni pale muhuri unapobanwa. Chagua tabia moja na ubaki nayo. Fonti inayochanganya kubanduka, kulowa na kukwaruzwa kwa pamoja haimshawishi mtu, kwani hakuna kitu duniani kinachochakaa hivyo.

Mwongozo huu unafuata tabia ya muhuri, kwa sababu ndiyo inayokupa matokeo tofauti kila unapochapa bila kulazimisha.

Kukata herufi

Zamani herufi kubwa za mabango zilichongwa kwenye mbao ngumu. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuzikata kwa mashine, na tangu hapo mabango ya minada na maonyesho yakajaa herufi nene za mbao. Sisi hatuhitaji mashine. Tafuta ndala kuukuu, jozi tatu hivi. Soli yake inakatika kwa wembe kama jibini, inashika rangi vizuri, na ile iliyovaliwa mwaka mzima tayari ina mikwaruzo na vishimo ambavyo mkono wako hauwezi kuvibuni. Sehemu ya kisigino ndiyo tamu zaidi. Ioshe kwa sabuni, uikaushe, na utumie upande wa chini. Kama kuna michirizi ya kuzuia kuteleza, isugue kwa msasa mpaka ibaki kidogo tu.

Chora herufi zenye urefu wa sentimita 5. Kiswahili kinahitaji 24, maana Q na X hazimo, lakini zikate pia mwishoni kwa ajili ya majina ya watu na ya biashara. Chora umbo nene, la mistari yenye upana sawa kila mahali, lisilo na miguu ya mapambo. Hapa kuna uamuzi utakaokuokolea siku nzima baadaye, kwa hiyo usiupite haraka: fanya herufi ziwe na ulinganifu kamili. A iwe sawa kushoto na kulia. Matumbo mawili ya B yawe na ukubwa mmoja. Mkono wa kati wa E ukae katikati kabisa, usipande hata kidogo. Kwa kawaida wachoraji wa herufi hukataa hilo, kwa sababu jicho linapenda sehemu ya juu iwe ndogo kidogo. Katika fonti chakavu ya vichwa, dosari hiyo inamezwa na mikwaruzo, na faida yake utaiona tukifika kwenye kugeuza.

Kata kwa wembe mpya, ukiushika wima. Ukiulaza, ukingo wa herufi utakuwa na mteremko na rangi itaingia mahali isipotakiwa. Kisha gundisha kila herufi kwenye kipande cha ubao ili upate pa kushika. Kumbuka kuigundisha ikiwa imegeuzwa, kama unavyoiona kwenye kioo. A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y hazina shida, ila B, C, D, E, F, G, J, K, L, N, P, R, S na Z zitakugeuka zikikukuta umechoka. Andika herufi sahihi kwa kalamu mgongoni mwa kila kibao.

Usisahau tarakimu na alama. Huku mabango ni bei: 2,500/= lazima iandikike vizuri, kwa hiyo kata mkato, nukta, mstari wa mshazari, alama ya sawasawa, alama ya mshangao, na kidoti cha juu cha NG'OMBE. Tarakimu 6 ikigeuzwa ni 9, hiyo umeokoa moja.

Kuchapa

Tandaza magazeti manne au matano mezani, na juu yake karatasi nyeupe ya A4. Magazeti yanafanya kazi ya mto, bila hayo muhuri utagusa nusu tu. Mimina rangi nyeusi ya maji, ile nzito ya ukutani, kwenye kigae au kioo, uitembeze kwa rola ndogo ya sponji mpaka isikike inanata. Wino wa pedi ya mihuri ni mwepesi mno, unalowa kwenye karatasi na kuua kingo. Rangi ya mafuta nayo inahitaji tina, na tina inaila soli.

Paka herufi, ibane kwa kiganja, inua wima. Usirudishie rangi. Bana tena pembeni yake, halafu mara ya tatu. Chapa ya kwanza mara nyingi ni nzito na haina maisha. Ya pili na ya tatu ndizo zenye utamu, kwa sababu rangi imepungua na sura halisi ya soli imeanza kuonekana. Fanya hivyo kwa kila herufi mpaka upate chapa nane au tisa, kisha chagua tatu zinazotofautiana kweli. Kwa F, G, J, L, P na R chagua tano, nitaeleza kwa nini.

Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Mbeya inachelewesha rangi kukauka. Laza karatasi mezani usiku kucha. Ukizisogeza karibu na jiko zitajikunja, na karatasi iliyojikunja haiskaniki. Karatasi ya kaki, ile ngumu kama inayotoka kiwanda cha Mgololo kule Mufindi, inapendeza sana kwa kuchapia bango lenyewe, lakini kwa hatua hii baki na nyeupe. Tunahitaji weusi na weupe usio na mjadala.

Kuskani

Ukienda steshenari, usiseme tu "niskanie". Mashine nyingi zimewekwa kutoa PDF ya dpi 200 (yaani vitone 200 kwa kila inchi), na picha inabanwa mpaka kingo zinakuwa na ukungu. Omba mambo matatu: dpi 600, rangi ya kijivu, na faili la PNG au TIFF. Herufi ya sentimita 5 kwa dpi 600 inakupa takriban pikseli 1,180 za urefu, zinazotosha kabisa kwa fonti ambayo herufi zake kubwa zitakuwa na vipimo 700 kwenda juu.

Kama skana haipo, simu inaweza, ila piga mchana kwenye kivuli, karatasi ikiwa imelala na simu ikiwa sambamba nayo. Usipitishe kwenye programu za kuskani nyaraka. Kazi yake ni kusafisha madoa, na sisi madoa ndiyo mali yetu.

Kusafisha na kugeuza kuwa mistari

Fungua picha kwenye GIMP, nenda menyu ya Colors, chagua Threshold, yaani kipimo kinachoamua kipi kiwe cheusi na kipi kiwe cheupe. Sogeza kishale taratibu. Kwenye kipimo cha 0 hadi 255, mara nyingi utatua kati ya 110 na 150. Ukipeleka chini sana, herufi inakuwa nyembamba na yenye matundu mengi. Ukipandisha sana, matundu yanaziba. Tumia namba moja kwa herufi zote, la sivyo nusu ya fonti itaonekana nzito kuliko nusu nyingine.

Sasa amua nini kinabaki. Vipunje vidogo sana vifute vyote, kwa sababu havionekani kwenye bango, na kila kipunje ni mzigo kwa kompyuta. Hapa ndipo nilipoumia na fonti yangu ya kwanza. Niliacha kila vumbi kwa kuona kwamba ndio uhalisia, na herufi moja ikawa na nukta zaidi ya 3,000, yaani zile pointi zinazoshikilia mistari ya umbo lake. Kompyuta ya mteja ikaganda kila alipoandika maneno mawili, na mashine ya kuchapa mabango ikakataa faili kabisa.

Kwenye Inkscape, chagua picha, nenda Path kisha Trace Bitmap. Panua kipimo cha Speckles mpaka vumbi litoweke, halafu bonyeza Ctrl+L mara moja kupunguza nukta. Mara moja tu. Ukibonyeza mara tatu, kingo zinakuwa laini kama zimeyeyuka, na uchakavu unageuka kuwa uji. Lenga nukta 150 hadi 400 kwa herufi.

Baada ya hapo, soma kila herufi kama mtu ambaye hajui unachotaka kuandika. Nasisitiza hili kwa sababu mikwaruzo inabadilisha herufi. E iliyopoteza mguu wa chini ni F. O iliyopasuka kulia ni C. Na R iliyokatika mguu ni P: fundi wa Mafinga ameagiza bango la TUNAPIGA RANDA, ukutani linasomeka TUNAPIGA PANDA. Mguu wa R, mguu wa E na mkono wa katikati wa H usiwe na tundu linalokata upana wote wa mstari. Tundu lile, hata kama ni zuri namna gani, lizibe.

Kidoti cha NG'OMBE nacho kina hatari yake. Kwenye fonti chakavu kinapotea kati ya vipunje, au kipunje kilichoruka juu ya G kinasomeka kama kidoti mahali pasipo na kidoti. Kifanye kiwe kinene kuliko unavyofikiri, na usiache kipunje chochote kinachofikia robo ya ukubwa wake upande wa juu wa herufi.

Seti ngapi? Hesabu inayotokana na Kiswahili

Wazo la herufi isiyojirudia si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Waholanzi wawili, Just van Rossum na Erik van Blokland, walitengeneza fonti iitwayo Beowolf ambayo kingo za herufi zake zilibadilika zenyewe kila inapochapwa. Siku hizi tunafanya kwa njia tulivu zaidi: fonti inabeba seti kadhaa za herufi, na kanuni ndogo ndani yake inazizungusha kadiri unavyoandika. Herufi ya kwanza inatoka seti ya 1, inayofuata seti ya 2, na kuendelea mpaka seti ziishe, halafu inaanza upya.

Fonti nyingi za kigeni zina seti mbili. Jaribu KAHAWA kwa seti mbili: K1 A2 H1 A2 W1 A2. A zote tatu ni za seti ya 2! Mpangilio wetu wa konsonanti, irabu, konsonanti, irabu unakwenda hatua kwa hatua na mzunguko wa mbili, kwa hiyo irabu zinaangukia seti ile ile daima. Seti ya pili haijakusaidia kitu.

Weka tatu basi. KAHAWA inapona: A2, A1, A3. Lakini fikiria bango la nyanya za Ilula: N1 Y2 A3 N1 Y2 A3. Nusu ya pili ni nakala ya nusu ya kwanza. CHICHI ya MAPARACHICHI inaanguka vilevile, na hilo ni neno ambalo Njombe na Rungwe wanaliandika kila siku.

Nne? NYANYA inapona, PARACHICHI linapona, ila BARABARA inatoka B1 A2 R3 A4 B1 A2 R3 A4. POLEPOLE na SAWASAWA pia.

Tano ndizo zinazosimama. KAHAWA inapata A2, A4, A1. NYANYA inapata A3 na A1. BARABARA yenye A nne inapata A2, A4, A1, A3, zote tofauti. Kuna neno la kawaida linaloishinda hata tano, nalo ni MBALIMBALI, kwa sababu MBALI ina herufi tano kamili. Hilo tutalitengea kanuni yake peke yake, maana duka lisiloandika BIDHAA MBALIMBALI ni nadra.

Sasa ule ulinganifu niliousisitiza wakati wa kukata unakulipa. Una chapa tatu za kila herufi, unahitaji tano. Geuza chapa ya kwanza na ya pili, nazo ziwe ya nne na ya tano. A, I, M, O, T, U, V, W na Y zinageuzwa kushoto kwenda kulia. B, C, D, E, H na K zinageuzwa juu kwenda chini. N, S na Z zinazungushwa nusu duara. Umbo linabaki lile lile, mikwaruzo inahamia upande mwingine, na jicho halitambui undugu wake. Irabu zote tano zimo humo. Zilizobaki ni F, G, J, L, P na R, ambazo hazigeuziki, ndiyo sababu ulichagua chapa tano.

Sifuri ipe uangalifu wa pekee. Bei zetu zimejaa sifuri, na 10,000 yenye sifuri nne zinazofanana inaharibu bango zima. Kwa bahati 0 inageuzika kila upande.

Kukusanya kwenye FontForge

Fungua faili jipya, weka urefu wa juu 800 na wa chini 200, jumla 1,000. Kwenye Inkscape kila herufi ikae kwenye ukurasa wa 1,000 kwa 1,000, ikisimama kwenye mstari mmoja wa chini, iwe na urefu wa 700, na ihifadhiwe kama SVG. Ziingize moja moja. Seti ya kwanza inaingia kwenye nafasi za kawaida za A, B na kuendelea. Seti nyingine zinahitaji nafasi za ziada, nazo zipewe majina A.s2, A.s3, A.s4, A.s5. Ukishaziingiza zote, ziteue na utumie Correct Direction, Remove Overlap, kisha Round to Int, zote kwenye menyu ya Element. Ukiruka ile ya kwanza, matundu ya herufi yanaweza kujazwa weusi wakati wa kuchapa.

Nakili seti ya kwanza pia kwenye nafasi za herufi ndogo, ili mtu asiyebonyeza Caps Lock asipate visanduku vitupu. Hizi hazitazunguka, kwa hiyo mwambie anayetumia kwamba uzuri kamili uko kwenye herufi kubwa.

Kidoti cha NG'OMBE kiweke kwenye nafasi mbili: kile kilichonyooka cha kwenye kibodi, U+0027, na kile kilichopinda, U+2019, ambacho programu nyingi za uandishi zinakiweka zenyewe bila kukuuliza. Ukisahau cha pili, NG'OMBE itatoka na kidoti cha fonti nyingine, safi, kisichohusiana na chochote.

Kanuni ya kuzungusha iandike kwenye faili la maandishi lenye mwisho wa .fea, kisha uiingize kupitia Merge Feature Info iliyo menyu ya File:

@s1 = [A B C D E];
@s2 = [A.s2 B.s2 C.s2 D.s2 E.s2];

Endelea hivyo mpaka @s5, ukitaja herufi zote, tarakimu, mkato na kidoti, kwa mpangilio ule ule katika kila mstari. Ukikosea mpangilio, B itageuka C katikati ya neno. Kisha:

feature calt {
sub @s1 @s1' by @s2;
sub @s2 @s1' by @s3;
sub @s3 @s1' by @s4;
sub @s4 @s1' by @s5;
sub I.s5 M' by M.s3;
} calt;

Mstari wa kwanza unasema: herufi ya seti ya 1 ikifuata nyingine ya seti ya 1, igeuze iwe ya 2. Inayofuata inaona iliyoitangulia ni ya 2, nayo inakuwa ya 3. Baada ya 5 hakuna kanuni, kwa hiyo mzunguko unaanza upya. Mstari wa mwisho ndio wa MBALIMBALI: M ya pili inarukia seti ya 3 na nusu ya pili ya neno inatofautiana na ya kwanza. Mkato umeingizwa kwenye orodha kwa ajili ya bei. Bila huo, mzunguko unakatika katikati ya 10,000 na sifuri mbili zinafanana.

Kila neno linaanza na seti ya 1. Ukipanga MCHELE, MZURI na MBEYA kwenye mistari mitatu, M tatu zitapangana wima zikiwa pacha. Hapo badilisha kwa mkono.

Nafasi kati ya herufi

Pima nafasi za pembeni kutoka kwenye mwili wa herufi, si kutoka kwenye kipunje kilichoruka. Ukiiachia programu ipime yenyewe, kipunje kimoja cha mbali kitaitenga herufi na wenzake. Kwa kuanzia, zenye ubavu ulionyooka kama H na N zipe 40 kila upande, O ipe 20, A na V zipe 5.

Kisha bana jozi zinazoacha pengo. Kiswahili kina jozi zake, na kinachozileta ni W na Y: WA, AW, YA, AY, KW, TW, VY, VW, pamoja na TA, KA, LA, PA na FA. Kipimo changu cha kwanza daima ni VWAWA. Mji ule wa Songwe una jina ambalo karibu kila jozi yake ni ya mshazari. Fonti ikiliandika vizuri, mengine yatafuata. Jaribu pia MWANJELWA, KYELA, TUKUYU na MAKAMBAKO. Weka A zote tano kwenye kundi moja la kubana, na W zote tano vilevile, kwa sababu herufi zinabadilishwa kwanza ndipo zinabanwa. Ukibana A ya kawaida peke yake, A.s3 itabaki na pengo lake.

Kuitumia

Toa fonti kama OTF, uisakinishe, ufungue Inkscape au LibreOffice. Baadhi ya programu zinataka uwashe kipengele cha contextual alternates, yaani ile calt yetu, na nyingine za simu hazikisomi kabisa.

Fonti hii ni ya maneno mawili hadi matano. Anwani, namba ya simu na saa ya kuanza viandike kwa fonti safi, maana namba ya simu yenye mkwaruzo ni simu isiyopigwa. Usiongeze kivuli wala mwanga nyuma yake. Rangi moja bapa inatosha, nyeusi kwenye njano au nyeupe kwenye nyekundu iliyokolea.

Ukubwa unabadilisha kila kitu. Kwenye bango la mita 3 la Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, tundu lililokuwa kama punje ya mchele linakuwa kama kiganja, kwa hiyo rudi mita 20 nyuma kwa mawazo, punguza picha kwenye kioo mpaka iwe ndogo kama stempu, na uone kama bado inasomeka. Kwenye fulana zinazochapwa kwa skrini, matundu chini ya nusu milimita yanaziba kwa wino. Na kwa stika zinazokatwa kwa mashine, tafadhali usiipeleke kabisa. Fundi atabandua vipande mamia kwa ncha ya wembe, atakulaumu, naye atakuwa na haki. Tengeneza toleo la pili lisilo na mikwaruzo ya ndani, lenye ukingo chakavu tu, uliite jina lile lile na neno Safi mwishoni.

Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, geuza maandishi kuwa maumbo kwa Object to Path, kwa sababu kompyuta yake haina fonti yako na itaweka nyingine bila kukuambia. Hifadhi PDF, ifungue tena wewe mwenyewe, ikuze, na uangalie mguu wa kila R.